Madoa Mawili Meupe

Chumba namba saba,
Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha lenzi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Mapacha hawajambo, na lile jino la yule mtundu limeshaota? Mgongo wako nao vipi, au bado unabishana na daktari? Mimi sijambo. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Hakuna mahali ninapoumwa. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na usiniwekee kinyongo kwa kuchelewa kujibu. Uliniomba mambo mawili. Kwanza, picha ya mama ambayo uso wake unaonekana vizuri, kwa kuwa hukuwahi mazishi. Pili, nimwambie mdogo wetu Kitinda asikupigie simu tena maishani, maana mama alianguka kwenye ngazi ambazo yeye, fundi umeme mzima, alishindwa kubadilisha taa yake. La kwanza nimelitimiza, picha imo ndani ya bahasha ndogo. La pili siwezi, na sababu imo kwenye picha hiyo hiyo. Tafadhali soma kwanza, ndipo uifungue.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu miaka yote unawaambia watu kwamba dada yako anafuta vioo. Sifuti vioo, Kaka. Nikifuta hata kimoja nafukuzwa.

Kioo chochote, hata kiwe safi vipi, hurudisha mwanga kidogo. Ndani ya kamera ndogo kuna vioo sita vimebanana, kila kimoja kinamrushia mwenzake, na mwisho picha inatoka na ukungu au madoa meupe mahali pasipo na kitu. Madoa hayo sisi tunayaita mizuka. Ili kuyazuia, kiwandani kwetu kioo kinaoteshwa vinundu juu yake, vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haivioni. Mwanga ukifika pale haupati pa kudundia, unapita moja kwa moja. Mhandisi wetu anasema jicho la nondo, huyu anayezunguka taa, limeumbwa vivyo hivyo. Ukivigusa kwa kidole vinalala, na kioo hicho ni cha kutupa. Kazi yangu ni kutazama picha za majaribio na kutafuta mizuka. Huu mwaka wa kumi na moja. Wenzangu wananiita Jicho.

Mwezi wa pili kila mkaguzi alipewa kamera yenye lenzi mpya akaijaribu nyumbani. Sharti lilikuwa moja, upige kuelekea dirishani, maana hapo ndipo lenzi mbovu inapoumbuka. Nikamfikiria mama hapo hapo. Unajua alivyokuwa akikaa miaka ya mwisho, kiti kimelipa dirisha mgongo. Alisema jua linampasha mifupa. Ndiyo sababu picha zake zote tulizonazo ni uso mweusi na weupe nyuma yake, na ndiyo sababu wewe huna hata moja ya maana.

Nilikwenda kwake Jumapili, nikampiga picha. Alicheka, akanionya nisimpige akiwa mdomo wazi kama anayesubiri kijiko.

Jumatatu niliifungua picha kwenye skrini kubwa ya kazini. Haikuwa na ukungu hata chembe. Nyuzi za kola yake zinahesabika. Lakini katikati kulikuwa na madoa mawili meupe, ya duara, yanalingana. Nikafanya nilichofundishwa. Niliyazungushia mstari mwekundu, nikajaza fomu: madoa mawili meupe, katikati ya picha, lenzi ikataliwe. Kisha nikafungua picha ya mwingine.

Kaka, madoa yale yalikuwa kwenye macho ya mama, moja kila jicho. Nilikuwa nakagua picha, sikuwa namtazama mama.

Lenzi iliyokataliwa inapelekwa kwa mhandisi kupimwa upya, na foleni yake ni ya wiki tatu. Katika wiki hizo tatu mama akaanguka, Jumanne, saa nne asubuhi. Tukamzika. Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini, na mhandisi akaja mezani kwangu na kile kiboksi cha lenzi. Hakuwa anajua ni nani aliye kwenye picha. Alijua tu kwamba Jicho amekosea, akaona ni kichekesho kidogo cha kuanzia wiki.

"Lenzi ni safi, nimeipima mara tatu," alisema. "Huyu mama ndiye ana mtoto wa jicho, tena yote mawili. Waambie wenyewe wampeleke hospitali, hiyo inatibika."

Nikasema sawa. Nikasaini fomu, lenzi ikapita, na leo imo kwenye kamera ambazo hata sijui zimefika wapi. Mchana nilikula chakula changu chote. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nilijishangaa.

Baadaye ndipo mambo yakaanza kuja yenyewe, moja moja. Alivyokuwa akimimina chai huku kidole kimo ndani ya kikombe. Alivyokuwa akinong'ona akipanda na kushuka ngazi, sisi tukidhani anasali, kumbe anahesabu. Alivyokuwa hatuiti jina mpaka tumsalimu kwanza. Tulipokuwa watoto tukificha vidonda, yeye ndiye alikuwa akitukaripia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akaficha ya kwake, na mimi ninayelipwa kuona kasoro nilikaa naye kila Jumapili.

Sasa habari ya taa. Kweli ilikuwa imeungua, tena wiki mbili. Mama mwenyewe alimtania Kitinda kwamba mganga hajigangi. Lakini juu ya ngazi zile kuna kidirisha, na saa nne asubuhi unaweza kutunga uzi kwenye sindano pale. Jirani wa chini alisema ni taa siku ya msiba kwa sababu watu wanataka neno la kusema. Wewe ukalipokea kwenye simu, na Kitinda akaangushiwa jumba bovu. Siku ile sikujua. Tangu Jumatatu ile nilijua, na nikanyamaza miezi mitatu. Sitatafuta maneno mazuri. Taa ikilaumiwa, hakuna atakayeniuliza mimi niliona nini.

Kitinda amekonda. Kila Jumamosi anakwenda kubadilisha taa ile ya ngazini hata kama inawaka, na nyingine anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa kitambaa. Wapangaji wanamcheka.

Jumapili iliyopita nilimwita hapa chumbani nikamwambia yote, liwalo na liwe. Nilimwekea picha mezani. Aliitazama sana.

"Kwa hiyo hata ningeibadilisha?" aliuliza.

"Hata ungeibadilisha."

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi angenitukana. Akatoa ile taa mfukoni, akaiweka mezani taratibu isije ikaviringika, akaenda zake. Bado ipo hapa ninapoandikia. Sijui niiweke wapi.

Ukitaka kumkasirikia mtu, Kaka, nikasirikie mimi. Ila Kitinda mpigie. Akiona namba yako hatapokea upesi, anaogopa. Acha iite.

Mama mdogo anakusalimu, magoti yake yanamsumbua lakini ulimi haujambo kabisa. Nisalimie wifi, na mapacha waambie shangazi anawakumbuka. Wapeleke wakapimwe macho, nawe upimwe. Mungu awaweke nyote mpaka tukae tena meza moja, sote watatu.

Sasa fungua bahasha ndogo. Utaona mama hatazami kamera. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kulia, nimeunyoosha mbali na mwili, nikimwambia, "Mama, tazama huku." Yeye uso wake umeelekea pembeni kidogo, na anacheka. Pale anapotazama ndipo sauti yangu ilipokuwa.

Wako akupendaye,
Dada yako wa katikati.