Tambuu, Mkaja na Nyama ya Mgongoni

Malindi, 1912

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mtu kama mimi si wa kuomba, maana kutoka Mnarani mpaka Malindi hakuna mwenye bahati kunishinda, nimekula Bombay, nimelala Aden, Kiarabu nakijua, Kizungu nakibahatisha, na mke wangu Kamaria alikatwa titi Mombasa kwa ajili ya uvimbe akarudi mzima akicheka. Sasa kovu lamvuta, hawezi kuinua mkono, na daktari asema atachukua ngozi na nyama ya mgongoni, bila kuikata ikatoka, aipitishe chini ya kwapa pamoja na mishipa yake ya damu mpaka kifuani ishike, ila Kamaria aache tumbaku kwanza, kwani yabana mishipa na nyama ikikosa damu huoza, naye hatafuni tambuu bila tumbaku, akinitazama kwa yale macho yake namkunjia mwenyewe. Mamake naye ameshatayarisha mkaja wa kumfunga na maji ya moto ya kumkanda. "Mimi nilizaa, nikakandwa, nikafungwa mkaja, nikapona. Huyo daktari wako amezaa wangapi?" Nifuate lipi? Na ile bahati niliyojisifia ni uongo: Kamaria hacheki, hulala amenigeuzia mgongo, uso ukutani, nami naogopa atanifia.

Harith

Ndugu Harith,

Pole, tena pole sana. Lakini tambuu hiyo unayomkunjia kwa mapenzi ndiyo itakayoiozesha nyama yake. Koma! Mkweo mwamkie kwa heshima, kisha mweleze kwamba tumbo la mzazi si kifua kilichotiwa nyama: mkaja utaibana mishipa ile, na ngozi hiyo huenda isihisi kitu, maji ya moto yaiunguze na mwenyewe asijue. Mpe kazi ya uji na ndoo, maana Kamaria asinyanyue mzigo mpaka daktari aseme. Daktari naye muulize bila haya: amewafanyia wangapi, na wangapi nyama haikushika? Ampime mkojo kama una sukari, maana mwenye sukari kidonda chake hakiponi upesi. Ngozi ikiwa baridi au nyeusi, mwendeeni saa ile ile.

Umeniandikia ya daktari, ya mkweo na yako. Kamaria anataka nini? Hukusema. Muulize leo, bila mzaha. Akikubali kupasuliwa, tumbaku yote itoke nyumbani, na yako pia. Akikataa, usimshurutishe. Na vyovyote atakavyojibu, mwambie kwamba unaogopa. Mimi umeniambia, yeye bado.

Bi Kulthum