Mguu Mmoja kwa Mke wa Koplo

Naguru, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Zaituni,

Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Bibi yako amepona kikohozi na anakuwekea karanga. Umeniuliza kama ni upumbavu kuzibua mitaro likizo nzima kwa ajili ya majirani wasiogusa hata koleo.

Nimefungua shajara yangu ya Agosti 1974. Likizo hiyo sisi vijana tulisafisha chemchemi ya mtaa wetu, na desturi ilikuwa kwamba asiyefanya kazi hachoti maji. Siku ya mwisho akaja mke wa koplo na debe lake, mjamzito, siku zake zimekaribia. Mumewe alikuwa hajarudi kutoka kambini, na miaka ile ya utawala wa kijeshi hatukuuliza. Watu walimwogopa koplo. Mkewe akiwa peke yake hakuna aliyemwogopa.

"Mama, rudi nyumbani," alisema Musa, kiongozi wetu. "Hukushika jembe hapa."

Mama akageuka na debe tupu. Ndipo bibi yako, wakati huo msichana wa shule, akatoka majini na matope hadi magotini.

"Musa, mguu huu ni wangu," akasema. "Huu mwingine ni wake. Mpe maji."

Kijana mmoja akadakia, "Basi mkono wangu huu ni wa mzee Yosefu, hawezi kuinuka kitandani!"

Tukacheka. Musa naye akacheka, akamjazia mama debe mwenyewe. Kwa hesabu hiyo, kufikia jioni mtaani hapakuwa na mtu ambaye hakuwa amefanya kazi.

Ni mimi babu yako anayekukumbuka,
Rajabu