Mguu wa Kulia Uliobaki Gikondo

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ili Aline asiweze kusoma. Hata nikiiacha barua hii mezani, ataona jina lake na jina la Dubai, basi. Kiswahili ni chetu, wewe na mimi. Wewe ulikipata Buyenzi, kule Bujumbura wazazi wako walikokimbilia, mimi nikakikuta humo humo nyumbani, na yeye aliyezaliwa Kigali baada ya sisi kurudi hakuonja hata kidogo. Katika vyote ulivyotugawia, hicho tu ndicho nilichopata mimi peke yangu bila mdogo wangu. Niache nikifaidi.

Kwanza habari za nyumbani. Nyumba ya Ndera ni nzima. Mbuzi wa jirani bado wanakula maua yako, na sasa hakuna wa kuwafokea, maana mimi nikifoka hawageuki hata shingo. Asubuhi nashuka kwenda karakana yetu Gikondo, na pikipiki ikisimama kwenye makutano ya Sonatubes najikuta natafuta simu nikuambie kwamba jana nilifunga mlango wa nyuma. Mafundi wapo wote. Mashine yako ya kushonea nimeifunika kitenge, nikasema hakuna wa kuigusa. Mimi naigusa.

Sasa jambo lenyewe. Nimekwenda Dubai, Mama.

Ndiyo, mimi, Odette wako wa Gikondo. Nimepanda ndege, nimevaa kitambulisho shingoni, nimesimama siku zote za maonyesho kwenye kile kibanda cha kuta nyeupe nilichokuwa nakiona kwenye picha za simu ya Aline. Miaka yote ile nilikuwa naziangalia hizo picha nasema "nzuri sana," halafu naenda kunawa uso.

Unajua ilivyokuwa. Kila ulipotaka kwenda nje kutafuta wateja wa sandali zetu, Nairobi, Addis, halafu Dubai ikawa kila mwaka, ulimchukua Aline. Anajua Kiingereza, anajua kompyuta, ana tabasamu la kusimamisha watu. Mimi uliniambia, "Weye baki, nani ataangalia kazi?" Ulilisema hilo kana kwamba unanipa cheo, na nililipokea hivyo mbele yako. Mkirudi mnaniletea kalamu na mifuko ya kitambaa yenye majina ya kampuni za watu. Mifuko hiyo ninayo kabati zima. Safari hata moja sikuwa nayo.

Na zile sandali. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, ingawa sikuwahi kukuambia. Kwenye maonyesho ulibeba mguu wa kushoto peke yake. Kila sampuli, mguu wa kushoto. Sanduku linakuwa jepesi, na tena ulisema, "Mguu moja nani ataiba?" Wa kulia unabaki karakana, kwenye rafu iliyo juu ya meza yangu. Mkishaondoka naketi nashona, na juu yangu imepangwa ile miguu ya kulia inayosubiri wenzao warudi kutoka Addis na Uarabuni. Nilikuwa nazungumza nayo, Mama. Nilikuwa naiambia, leo wenzenu wanakunywa juisi ya komamanga, sisi hapa tunanusa gundi.

Tulipoondoa matanga, Mjomba Viateur alisimama katikati ya hema kama desturi, watu wakiwa na Fanta zao mkononi, akaanza kutangaza nani atashika nini. Kibanda cha Dubai ulikuwa umekwisha kukilipia kabla hujalazwa, na nafasi ni za watu wawili. Mjomba akasema Aline ataendelea na safari za nje, "na Odette, kama kawaida yake, ataangalia kazi." Kama kawaida yake! Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Nikasema, "Mara hii na mimi nakwenda." Mama zetu wa jumuiya ya kanisa wakatazama chini kana kwamba nimetukana. Nikageuka kumtazama Aline nikiwa tayari kwa vita, na yeye akasema neno moja tu: "Aje."

Hilo neno lilinikera kuliko kama angekataa. Nikajiuliza, yeye ni nani wa kuniruhusu?

Basi tukafunga mizigo. Aline akapanga miguu ya kushoto kwenye sanduku lake, kila mmoja na karatasi yake, kama ulivyomfundisha. Juu kabisa akaweka ule wa mikanda iliyopishana, rangi ya asali, uliomalizia kushona umeketi kitandani, sindano ikikuponyoka mkononi na hutaki mtu akuokotee. Ndiyo kazi yako ya mwisho. Mimi nilipobaki peke yangu karakana nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha miguu ya kulia yote, nikaijaza kwenye sanduku langu chini ya nguo. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, mara hii na sisi tunakwenda.

Mama, ukumbi ule! Aline alitembea humo kama anavyotembea kwetu Ndera. Anajua choo kiko wapi, anajua chai ya bei nafuu iko wapi, walinzi wanamsalimia. Kila kona ananitajia kumbukumbu: Hapa ndipo Mama alipoanguka kwenye ngazi za umeme tukacheka mpaka mlinzi akaja. Hapa Mama alipenda kuketi kupumzisha miguu. Chumba chetu kilikuwa kile kile mlichokuwa mnapanga, na akaniambia, "Kitanda cha dirishani kilikuwa chake." Nikalala hapo bila kumuuliza. Nilinusa mto kama mbwa. Mto ulinuka sabuni ya hoteli tu. Yeye ana Mama aliyeanguka kwenye ngazi akacheka, mimi nina Mama aliyeniuliza kama umeme umelipwa. Nilimchukia, Mama. Nakuambia wazi kwa sababu hawezi kusoma.

Na kitambulisho. Waliochapa hawakubadilisha jina, kwa hiyo nilivaa lako: Immaculée. Aline alitaka tukarekebishe. Nikamwambia aache. Watu wakipita wanasoma kifuani kwangu, "Madamu Immaculée," nami naitika.

Asubuhi ya kwanza Aline alipokwenda kutafuta chai, nilitoa miguu yangu ya kulia nikaipanga kila mmoja karibu na mwenzake. Sandali zikapendeza! Aliporudi alisimama na vikombe mkononi, akatazama meza, akanitazama mimi. Akasema, "Mama hakutaka hivi." Nikamjibu kwamba Mama alikuwa mama yangu miaka mingi kabla hajawa wake. Aliweka vikombe chini.

Mchana akaja mwanamke mmoja mnene, mcheshi, amechoka kutembea, amevaa viatu vya plastiki vilivyokwisha kisigino. Akaona ile jozi ya rangi ya asali, akavua vyake, akavaa. Ikamkaa. Aline alikuwa anazungumza na watu wengine, mimi ndiye niliyekuwa naye, na Kiingereza changu ni cha ndiyo na karibu. Akanionyesha kwa mkono kwamba anajaribu kutembea kidogo. Nikasema karibu. Akatembea mpaka mwisho wa safu ya vibanda, akapinda kona. Nikangoja. Nilitabasamu kabisa, nikisema moyoni, mnaona sasa faida ya kuwa na miguu miwili?

Hakurudi. Pengine ni mwizi, pengine alipotea tu, maana kumbi zile zimefanana na mimi mwenyewe nilipotea kila nilipotoka. Alituachia viatu vyake vya plastiki. Nilikimbia safu zote nikitazama miguu ya watu, nikiwa na jina lako kifuani, na machozi. Niliporudi Aline alikuwa ameketi kwenye katoni amekumbatia vile viatu vya plastiki. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kushikia. Alikaa hivyo mpaka taa zikaanza kupunguzwa, akimtazama miguuni kila anayepita.

Kuna mwanamke mahali fulani anatembea ndani ya kazi yako ya mwisho, Mama. Naye namwonea wivu.

Siku iliyofuata tulisimama tumepeana migongo. Na tulikuwa tunamsubiri mtu mmoja, yule mzee, mteja wetu wa Muscat kule Oman. Hilo ulijua mwenyewe: oda yake ndiyo inayolisha karakana. Asipoagiza, nusu ya mafundi wanarudi nyumbani. Nilimwona Aline amenyoosha nguo yake, anafanya mazoezi ya maneno kwa midomo.

Alikuja na fimbo yake, akasoma kifuani kwangu, akanitazama usoni, akarudi kusoma. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, kile cha Unguja alikozaliwa, kinachopanda na kushuka: "Mwanangu, mwenye jina hili yuko wapi mwaka huu?"

Sikujua, Mama! Hukuwahi kuniambia kwamba mnazungumza Kiswahili. Nikamweleza. Alisema "Innalillahi," akatafuta pa kukaa, nikampa katoni. Akaanza kunisimulia jinsi mlivyokuwa mnabishana kuhusu upishi wa ndizi, jinsi ulivyomtania kwamba Waarabu wanazitia sukari kwa sababu hawana meno. Tulicheka tukalia, tukalia tukacheka. Na Aline alikuwa amesimama pembeni, anatabasamu kwa midomo tu, anamtazama huyu, anamtazama huyu. Niliona. Na nisikudanganye, nilifurahi mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mzee akaokota sandali ya kulia, akaigeuza. "Kila mwaka namwambia nipe na mguu wa pili niuone, ananikatalia katakata. Leo nimeuona." Akaagiza kama mwaka jana, si zaidi, si pungufu. Akasema akiona mkono wa kushona haujabadilika, mwakani ataongeza. Nikamfasiria Aline kwa Kinyarwanda, neno kwa neno, kama mtu anayemgawia mwenzake chakula na kijiko amekishika yeye mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa, akaandika.

Siku ya mwisho tulikuwa tunabomoa kibanda, tunafunga sandali kwenye magazeti ya Kiarabu. Nikasema, kwa uchokozi tu, kwamba sasa naona utamu aliokuwa anaufaidi miaka yote. Akaacha kufunga. Akaniambia hivi, nami nakuletea kama yalivyo: "Utamu gani? Nilikuwa naye siku chache kwa mwaka, wewe ulikuwa naye kila siku. Na hata hizo siku zangu, mchana anacheka na yule mzee kwa hicho Kiswahili chenu, mimi nimesimama kama mti. Jioni tukifika chumbani anavua viatu anakupigia simu. Anacheka na wewe mpaka anajifuta machozi. Mimi nimelala kitanda kile kingine nimeelekea ukutani. Akikata simu namuuliza mlikuwa mnasema nini, anajibu ni mambo ya kazi tu. Mlikuwa mnasema nini, Odette?"

Ilikuwa kweli ni mambo ya kazi tu. Ulikuwa unaniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma. Nakujibu nimeufunga. Unaniambia nenda kauangalie tena. Nakujibu nimeshalala, wewe mama gani huyu asiyeniamini. Ndipo unacheka. Mimi nikikata simu nalalamika kwamba mwenzangu anaona maghorofa, mimi naulizwa mlango.

Nikamwambia. Hakuamini. Anafikiri kuna kitu namficha. Tumerudi Kigali na bado anaamini hivyo. Naona anavyonitazama nikipanga na mzee habari za mizigo yake kwa Kiswahili kwenye simu.

Miguu imerudi kwenye rafu, sasa yote, kulia na kushoto pamoja. Penye pengo la ile ya rangi ya asali Aline ameweka viatu vya plastiki vya yule mwanamke. Ni vibaya sana. Sina moyo wa kuviondoa.

Wivu haujaniisha, Mama, usifikiri nimekuwa mtakatifu. Zile hadithi za ngazi za umeme bado zinaniuma. Lakini nimekaa nikatazama hiki Kiswahili nilichokishika kifuani, nikaona kwamba wa kukizungumza nami nyumbani amekwenda. Nakilinda dhidi ya nani?

Kwa hiyo nakuahidi hili. Jumapili tukitoka misa nitamsomea Aline barua hii kwa Kinyarwanda, yote, hata pale niliposema nilimchukia. Atanuna, najua, atakaa siku mbili tatu bila kunisalimia. Halafu nitaanza kumfundisha, na somo la kwanza litakuwa yale maneno yetu ya simu, kama yalivyokuwa, aone mwenyewe kilichokuwa kinakuchekesha. Na yeye atanipa hadithi zake za ngazi, taratibu, moja moja. Mwakani tunakwenda wote, na mzee akija atatusalimia wawili.

Pumzika sasa. Usiku mwema, Mama. Mlango wa nyuma nimeufunga, nikaenda nikauangalia tena.

Odette wako