Kahawa Nisiyoinywa Iliyoshusha Bei ya Mpira

Jumanne, Shaaban inakatika, Ramadhani inabisha hodi. Asubuhi kulikuwa na kijibaridi, mawingu yamekaa juu ya milima, nami nimeamka nimefunga na roho i juu.

Nilikuwa na sababu. Kituo chetu cha televisheni, hapa mtaa wa Ghala baina ya gereji mbili, kina fungu moja tu la pesa za michezo, na limetolewa na muuza magari wa Wattaya. Kwa fungu hilo tununue haki za kuonesha ligi ya mpira wa miguu ya timu za mitaa, na haki za raga pia. Muuza magari kasema anataka saini zote mbili leo, ama anaondoka na pesa zake. Akiondoka, kitengo cha michezo kinafungwa na mimi nnahamishiwa kipindi cha mapishi.

Mimi, ambaye hata wali unanishinda.

Mpira wa miguu unasimamiwa na Bwana Khalfan. Raga inasimamiwa na Daktari Suleiman, daktari wa meno. Hawa ni wanyumba, wameoa mtu na dada yake. Basi tangu kiangazi hakuna hata mmoja aliyenambia anataka kiasi gani. Kila mmoja anataka kitu kimoja tu: zaidi ya mwanyumba wake. Nikimpandishia huyu, yule ananipigia simu kabla sijamaliza kuzungumza na huyu. Wanajuana vipi? Wake zao wanaongea kutwa.

Leo Bwana Khalfan katuita nyumbani kwake Ansab baada ya Alasiri. Nikadhani watu wamelainika. Wapi! Nimeingia tu, nimewakuta washaanza. Bwana Khalfan anauliza mpira gani huo wa kukumbatiwa kama mtoto mchanga. Daktari anajibu kuwa vijana wake wakivunjika pua wanaendelea kucheza, lakini wa mwenzake wakipitiwa na upepo wanaitisha machela. Huyu anasema mpira wake unatizamwa kila nyumba. Yule anasema raga inatizamwa na watu wanaonunua magari. Mie nimekaa katikati, koo limenikauka, nnatizama saa ya ukutani.

Hapo ndipo mwenyeji wangu alipomimina kahawa kwa mkono wake, akanipa finjani.

Ningesema nini? Kuwa nimefunga? Mwanamke, siku ya Jumanne, Shaaban inakatika? Kila mtu anajua wanawake siku hizi tunalipa siku zetu za Ramadhani iliyopita, na kila mtu anajua ni mambo gani ya kike yaliyotufanya tusizifunge. Ingekuwa Jumatatu au Alkhamisi ningejifanya nimefunga sunna. Niliona haya, wallahi. Nikaipokea finjani, nikaiweka taratibu juu ya zulia, nikaendelea kuzungumza.

Mara wote wawili wakaitizama finjani.

Kwa Waarabu wa huku, mgeni akiweka kahawa chini bila ya kuinywa ana haja kwa mwenyeji wake, na hainywi mpaka haja ikubaliwe. Desturi hii naijua toka utotoni. Lakini saa ile kichwani mwangu mlikuwa na tende tu. Na Bwana Khalfan, ingawa kazaliwa Unguja, kwa mila za jangwani humuwezi. Akajiweka sawa, akavuta kanzu, akasema:

"Kunywa, binti yangu. Haja yako imekubaliwa."

Haja gani? Sikuwa na haja ila futari. Nikatabasamu, sikunywa.

Akadhani sijaridhika. Akasema basi raga wapewe sawa na watu wake. Sikunywa. Akasema na saa ya kuoneshwa Ijumaa jioni waichukue raga. Jasho linanitoka, sikunywa.

Daktari Suleiman akashindwa kuvumilia. Ashindwe ukarimu na mwanyumba wake, mbele ya mgeni? Akajipiga kiganja gotini: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, raga wapewe nusu ya watakachopata wenzao! Bwana Khalfan akasema wao robo. Daktari akasema raga hawataki kitu. Bwana Khalfan akasema wao watatuletea na viti vya watazamaji.

Ningefurahi, sivyo? Moyo ulinisuta. Nikawafikiria wale vijana wanaocheza kwa viatu vilivyochanika, na pesa zao zinagaiwa kwa sababu mimi naona haya. Nikisema, naaibika na mapatano yanavunjika. Nikinyamaza, nimedhulumu.

Mke wa Bwana Khalfan, Bi Zuwena, akaingia na sahani ya halua. Akatizama finjani. Akatizama midomo yangu mikavu.

"Ebo! Mwana huyu kafunga, nanyi mnamlazimisha kahawa?"

Niliwaona wote wawili wakipiga hesabu. Jumanne. Shaaban. Kisha wakainamia zulia kama waliodondosha sindano. Masikio ya Daktari yakawa mekundu.

Nikajikaza, nikawaambia sikuwa na haja yoyote, kila mtu na arudishe neno lake. Bwana Khalfan akasema, akiwa bado anaangalia zulia, kuwa neno lililotoka barazani kwake halirudi. Bi Zuwena akamkata palepale:

"Fanya ukarimu kwa mali yako, Bwana Khalfan. Hiyo ni haki ya watoto wa watu. Gawaneni sawasawa, na mdogo wangu nitampigia mwenyewe nimwambie, sawasawa."

Hakuna aliyebisha. Walitia saini haraka, hata kusoma hawakusoma, ilimradi pasiwe na mtu wa kuinua uso. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Leo mwenyeji kanusurika tu.

Adhana ya Magharibi ilipolia nilipewa tende, nikainywa kahawa ile ile, ishapoa. Bwana Khalfan aliitizama finjani mpaka tone la mwisho, akashusha pumzi.

Nimefika nyumbani nimempigia mkuu wangu, Bi Thuraya, nikamueleza yote. Kacheka mpaka kapaliwa. Halafu akasema kesho tunakutana na watu wa mpira wa ufukweni, nao ni wagumu hasa.

"Ati," akaniuliza, "umebakisha siku ngapi za kulipa?"

Nimemwambia mimi sifungi kwa ajili ya televisheni. Nikakata simu, nikaanza kuhesabu.