Karatasi ya Sanduku la Maombi

Mwenzangu, hebu sikia. Ile karatasi niliyotumbukiza kwenye sanduku la maombi, ya mwanangu aliye rumande, mchungaji kampa mgombea ubunge.

Kampa, mwenzangu.

Leo ibadani mgombea kasimama madhabahuni, kanikazia macho: "Mama, habari za kijana wako ninazo. Nipe kura, atatoka." Kanisa zima likanigeukia.

Nikamfuata mchungaji ofisini. Nikamwambia, "Ile nilimwandikia Mungu."

Akacheka. "Mama nawe. Mamlaka si imetoka kwa Mungu? Nimekufupishia njia tu."

Eti kanifupishia njia.

Tangu marehemu mume wangu aondoke, ya moyoni nayamwaga kwako na kwenye sanduku lile basi.

Usiku na mchana naomba mwanangu atoke. Sasa akitoka, nimshukuru nani?