Hakuna Aliyemfungua Pamba Mdomo

Mume wangu mpenzi,

Juzi ulipopanda kile kilima cha kambini kutafuta mtandao, sauti yako ilinifikia kwa muda mfupi tu. Nilikuambia Pamba amekufa na mwenzake naye hali chakula. Ukauliza, "Si ulimpeleka kwa daktari?" Kisha simu ikakatika, nami nikabaki nimeibana sikioni nikidhani utarudi. Ninakujibu kwa maandishi, na ninayaandika hadharani. Hapa Dodoma wapo wengine wanaofuga sungura kwa mapenzi kama sisi, na siku mnyama akiacha kula watakimbilia kulekule nilikokimbilia mimi.

Lakini kwanza niache nikukumbuke kidogo, maana bado sijazoea kuwa mke wa mtu na kulala peke yangu. Nikipiga pasi shati lako nalinusa. Majirani wamechoka kusikia habari zako, na mimi sijachoka kuzisimulia.

Unakumbuka siku ya mahari? Wazee wenu walileta ng'ombe na mbuzi, wajomba zangu wakawa wanawapapasa mbavu na kulalamika kwamba wamekonda, maana hata ng'ombe anone vipi, siku hiyo lazima alalamikiwe. Kisha wewe, ambaye hukutakiwa hata kukohoa, ukatokeza nyuma ya wazee wako na boksi la sabuni. Ndani yake alikuwa Pamba, mweupe mtupu, pua inamtetemeka.

Mjomba mkubwa aliguna. "Na huyu mwenye masikio ni wa nani?"

"Wa binti mwenyewe, mjomba."

"Kwetu binti hapokei mahari. Tunapokea sisi."

"Basi gawaneni. Masikio yapo mawili."

Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka yake, na Pamba akawa mnyama pekee wa mahari niliyekabidhiwa mikononi mwangu. Nilikuwa nachungulia dirishani. Nilisema moyoni kwamba hata ungeleta boksi tupu ningekufuata.

Baada ya harusi ukaleta wa pili, yule wa kijivu, ukasema Pamba anahitaji wifi wa kugombana naye. Tukamwita Wifi. Jioni ulikuwa ukikaa kwenye kigoda na viatu vya kazi bado miguuni, mmoja kapandishwa pajani, mwingine anatafuna kamba ya kiatu, na mimi nasonga ugali nikikutazama wewe badala ya sufuria.

Tulitaka kuwafuga vizuri. Ndiyo maana tulikwenda pamoja kuuliza kwenye duka la dawa za mifugo, kwa yule bwana ambaye mtaa mzima unamwita daktari. Unakumbuka alivyotuambia? "Wapeni pumba na mchicha. Nyasi kavu ni za ng'ombe, zitawakwaruza tumbo." Tukarudi nyumbani tukafyeka nyasi zote zilizokaukia uani, tukazichoma. Wewe ukaegemea fyekeo ukasema sasa wanyama wetu wana nyumba safi kuliko yetu.

Ulipoondoka kwenda kwenye kazi yako ya kuchimba visima, Pamba alianza kuchagua. Alikuwa akiusogelea mchicha, anauweka mdomoni, kisha anauachia. Kidevu kilimlowa mate muda wote, manyoya ya shingo yakawa yameshikana. Nikamtia kwenye kikapu, nikampeleka kwa daktari. Ndiyo, mume wangu, nilimpeleka.

Nilimkuta anamuuzia mzee mmoja mfugaji dawa ya kupe. Akaniuliza bila kuinua macho, "Kuku wako wana nini?"

"Si kuku, daktari. Ni sungura."

"Unao wangapi?"

"Anayeumwa ni mmoja."

"Mmoja," alirudia, akamtazama yule mzee, wakacheka wote wawili.

Mzee akanigeukia kwa upole kabisa. "Mwanangu, huyo hatibiwi. Huyo anawahiwa." Akaonyesha kwa kiganja jinsi kisu kinavyopita shingoni.

Daktari aliingiza mkono kikapuni, akambonyeza Pamba tumbo kama mtu anayechagua embe, akasema amevimbiwa. Nimnyime chakula leo na kesho, tumbo lipumzike, na nimkorogee unga fulani kwenye maji. Pakiti ilikuwa na picha ya jogoo. Nilimuuliza kama unafaa kwa sungura. Akasema, "Dada, mnyama ni mnyama."

Nilimtii. Alikuwa na koti jeupe, na mimi nilikuwa naogopa. Nilimtenga Pamba jikoni, nikaondoa kila jani. Alikuwa akija miguuni kwangu na kunigusa kwa pua, nami nikawa namwambia avumilie, daktari amesema. Asubuhi ya pili nilimkuta amelala ubavu karibu na mlango, mate bado yapo kidevuni, na tumbo gumu kama mpira.

Mama yako alifika na kunde zake akanikuta nimekaa sakafuni. "Pole, mwanangu," alisema. "Ungeniita jana tungemla."

"Mama, huyu alikuwa wa mahari."

"Na ng'ombe wa mahari hawaliwi? Wa kwangu waliisha wote kwenye harusi za kaka zangu."

Usimkasirikie. Baada ya kusema hivyo alivua kitenge chake cha juu, akachukua jembe, akachimba shimo yeye mwenyewe pembeni ya ukuta.

Siku uliponipigia, Wifi naye alikuwa amelowa kidevu. Nilisimama na kikapu barabarani nikashindwa kuelekea kule dukani. Nilisikia kwamba upande wa Chimwaga kuna daktari mwanamke anayetibu mbwa, nikapanda bodaboda kikapu kikiwa mapajani.

Huyu hakucheka. Alimfunga Wifi kwenye taulo, akawasha tochi ya simu, akamfungua mdomo kwa mpini wa kijiko. Kisha akaniita, "Njoo uone."

Mume wangu, magego ya ndani yalikuwa marefu, yamepinda, yana ncha kama miiba ya mgunga. Ya chini yalikuwa yameingia kwenye ulimi. Ulimi ulikuwa na vidonda pande zote mbili.

"Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote," daktari alisema. "Nyasi ndizo zinayasaga. Pumba na mchicha havisagi kitu. Mlikuwa hamwapi nyasi?"

Nikamwambia tuliambiwa ni za ng'ombe.

Akauma mdomo. Nikamuuliza kama Pamba, yule wa kwanza, alikuwa amevimbiwa kweli. Akaniomba nimweleze dalili, nikamweleza zote.

"Hakuwa amevimbiwa, dada. Alikuwa na njaa na anashindwa kutafuna. Na sungura akikaa bila chakula, tumbo linasimama, halafu linamuua. Hakuna aliyemtazama mdomoni?"

Hakuna.

Akasema niseme nataka Wifi afanyiwe nini. "Nikwambie ukweli. Chuoni sungura tulimsoma kama nyama. Haya magego yanatakiwa kukatwa, na ili niyakate lazima nimlaze kwa dawa ya usingizi. Sijawahi kumlaza sungura. Kifaa nilicho nacho ni cha mbwa. Anaweza asiamke. Tukimwacha hivi, atakufa kwa njaa."

Nilitoka nje nikakupigia. Nikapiga tena. Namba yako haikupatikana, na Wifi alikuwa anatetemeka kwenye taulo, kwa hiyo nilirudi ndani nikamwambia akate.

Nilimshika kichwa mimi mwenyewe. Daktari alifanya kazi polepole, jasho linamdondoka, na vipande vya meno alivitoa kimoja kimoja akiviweka kwenye pamba nyeupe ili nivione. Alimaliza upande wa kulia, akamaliza wa kushoto. Akafuta damu. Tukangoja aamke. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kisha zikashuka.

Daktari alimkandamiza kifua kwa vidole viwili, akampulizia puani, akaendelea hata nilipojua imekwisha. Hatimaye akavua glavu. "Dozi ilikuwa kubwa kwake," alisema. "Mimi ndiye nimemkosea."

Sikumkasirikia. Nilimshukuru, na nilimaanisha. Katika wote niliowapelekea wanyama wetu, yeye peke yake ndiye aliyetaka kujua kilichokuwa kinawauma. Lakini sitakudanganya kwamba shukrani hiyo imenipunguzia kitu. Mmoja alikufa kwa kudharauliwa na mwingine alikufa kwa kutojulikana, na wote wawili nimewazika upande mmoja wa ukuta.

Wewe unayesoma na una sungura uani, mpe nyasi, hata hizi kavu zilizojaa kila mahali kiangazi hiki. Akidondosha mate, mtu amtazame mdomoni. Na yeyote atakayekuambia umnyime chakula, mchukue mnyama wako uondoke.

Mume wangu, nakujua. Ukishuka kutoka huko utapita pale wanapouza sungura kwenye matenga kando ya barabara, utamwona mmoja mwenye pua ya kutetemeka, na moyo wako mzuri utataka kunifuta machozi. Usimnunue. Sitafuga tena kiumbe ambacho kikiumwa sina pa kukipeleka. Banda nimelibomoa. Mbao nimempa mama yako, anapikia.

Nimeumia, na hapohapo nina furaha kwamba ni wewe ninayekungoja. Sikujua mtu anaweza kubeba vyote viwili kifuani. Rudi bila zawadi. Mikono iwe mitupu, ili nikikukimbilia mlangoni usiwe na kitu cha kuweka chini kwanza.

Anayekupenda kuliko alivyojua angeweza,
Mkeo