Buloni Nilizokaza Miye Mwenyewe

Mujukuu wangu Clarisse,

Tunakusalimia kutoka Kamalondo, huku Lubumbashi. Tuko bazima. Mama yako iko anashona kama kawaida, miye magoti njo yananisumbua.

Umeniuliza kama kazi ya kutengeneza ndege, ile niliyozeekea, iko muzuri. Mushahara unaingia, na bantu banakuheshimu. Lakini mama yako anaona suruali alizoshona zinapita mu barabara kila siku. Kazi yako weye itapanda mu mawingu na bantu ndani, na hautaiona tena.

Siku moja nkambo yako mwanamuke, bibi yangu, alipanda ndege ya kwenda Kalemie, na mimba ya mama yako. Moteri niliifunga miye mwenyewe. Akanipungia mukono ku dirisha. Nilijua kama nilikaza kila buloni, lakini nikaanza kuzihesabu tena mu kichwa. Sikukula mpaka redio ya aeropo, kiwanja cha ndege, ikatuambia kama bamefika. Shefu wetu akacheka: "Leo njo umekuwa mekanisie, fundi wa kweli."

Toka pale, ku kila dirisha niliona muke ya muntu.

Jifunze ile kazi, mama. Lakini ukirudia huku, usiniambie unapanda ndege gani. Niambie paka kama umekwisha kufika.

Nkambo yako,
Ilunga